Kutokuwa na Imani: Historia ya Maneno ya Kutoaminiana katika Kiswahili cha Biashara, Utawala na Siasa

Tatizo la msamiati

Kiswahili hakina neno moja la kutaja hali ya mtu kutomwamini mwenziwe. Kina maneno mengi: shaka, wasiwasi, dhana, tuhuma, kushuku, na pamoja nayo miundo ya ukanushi, yaani kutoamini, kutoaminiana na kutokuwa na imani. Mwanahistoria anayesoma vyanzo vya Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huyakusanya yote hayo chini ya neno distrust, na msomaji wake hapati kujua ni lipi lililokuwamo katika chanzo. Anayesoma majalada ya kikoloni yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili hukutana na tatizo lililo kinyume, nalo ni zito zaidi: hana budi kuchagua. Akiandika kwamba wakulima waliwashuku maofisa wa serikali, amesema jambo moja. Akiandika kwamba waliwatuhumu, amewapa wakulima hao sauti ya mashtaka ambayo huenda hawakuwa nayo. Akiandika kwamba hawakuwa na imani nao, amewavika lugha ya Bunge miaka mingi kabla ya Bunge lenyewe kuwapo.

Insha hii inadai kuwa tofauti baina ya maneno haya si ya mtindo wala ya lahaja pekee. Yamegawana kazi kihistoria, na mgawanyo wenyewe unafuata swali la nani alikuwa na uwezo wa kutomwamini nani na kulisema jambo hilo hadharani. Mifano inatolewa zaidi Unguja, Pemba na Tanzania Bara. Kenya inaguswa pale ambapo ulinganisho una faida.

Amana na waraka

Amini, imani, amana, amani na mwaminifu yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya usalama. Anayemwamini mtu, kwa asili ya neno, yu salama naye. Katika ukoo huo neno lenye historia ndefu ya matumizi ya kisheria mwambaoni ni amana. Kwa mujibu wa fikihi, aliyepokea amana hawajibiki kulipa mali ikipotea au kuharibika, isipokuwa imethibitika kuwa alizembea au aliitumia kinyume cha ruhusa. Anayeweka amana, basi, anaachia sehemu kubwa ya haki yake ya kudai fidia. Ndiyo maana amana haifanani na rahani, ambapo mali hushikwa mpaka deni lilipwe, wala na dhamana, ambapo mtu wa tatu hujifunga kulipa. Maneno haya matatu yalimpa mfanyabiashara wa Zanzibar wa karne ya 19 ngazi tatu za kumwamini mtu bila kulazimika kutamka popote kwamba hamwamini.

Biashara ya karne hiyo ilihitaji ngazi hizo. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu ilichukua bidhaa kwa mkopo na kurejea baada ya mwaka au miaka kadhaa. Wapo waliofia njiani na wapo walioamua kubaki bara. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliendesha safari zake kwa mitaji ya watu wa pwani, na aliye maarufu miongoni mwao ni Taria Topan. Tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, inazungumzia mikopo kwa lugha ya bidhaa, fedha na majina ya wadai. Msomaji wa leo anayetafuta humo maelezo ya hisia za kuaminiana au kutoaminiana baina ya mkopeshaji na mkopaji atapata kidogo sana, lakini uhusiano wenyewe ameushika mkononi katika hesabu.

Fahad Bishara, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu deni na sheria katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ameonyesha jinsi waraka ulivyokuwa chombo kikuu cha kuunganisha watu hawa: karatasi fupi, majina ya pande mbili, kiasi, muda, mara nyingi shamba au nyumba iliyotajwa kama kinga ya deni. Ni rahisi kuusoma waraka kama ushahidi wa kutoaminiana, kwa hoja kwamba wanaoaminiana hawaandikishani. Usomaji huo unapingana na desturi ya pwani yenyewe. Methali isemayo mali bila daftari huisha bila habari haimwonyi mtu dhidi ya mwizi, inamwonya dhidi ya usahaulifu, wake mwenyewe kwanza. Kuandikiana kulikuwa sehemu ya heshima ya biashara. Aliyekuwa haaminiki hakuandikiwa waraka mkali. Hakuandikiwa chochote, kwa kuwa hakukopeshwa. Kutoaminiwa kulikuwa kunyimwa, na aliyenyimwa alilijua hilo bila kuambiwa.

Shaka, wasiwasi na dhana

Maneno ya ukoo wa pili yanahusu moyo wa anayetoamini kuliko tabia ya asiyeaminiwa. Wasiwasi ni neno la kidini kabla ya kuwa la kawaida. Linapatikana katika sura ya mwisho ya Kurani kama sifa ya yule anayenong'ona vifuani mwa watu, na katika mafundisho ya ibada mwenye wasiwasi ni yule anayerudia udhu mara tatu, mara tano, asiridhike kuwa maji yamefika. Kasoro ni ya mwenye wasiwasi, maji hayana kosa. Maana hiyo haijafutika. Kiongozi anayewaambia wananchi waondoe wasiwasi hakanushi kwamba kuna sababu ya kutomwamini. Anaihamisha sababu hiyo kutoka kwake na kuipeleka vifuani mwao. Hotuba za serikali, tangu enzi ya ukoloni hadi sasa, zimelipenda neno hili kwa sababu hiyohiyo.

Shaka nayo ina utata ambao mtafiti wa vyanzo anapaswa kuuona. Wingi wake, mashaka, umegongana na neno jingine la asili ya Kiarabu lenye maana ya taabu na mashakili ya maisha. Katika Kiarabu maneno hayo mawili yana konsonanti tofauti, Kiswahili kimeziunganisha. Barua inayosema kwamba watu wa kijiji fulani wamo katika mashaka inaweza kuwa inaeleza njaa, inaweza kuwa inaeleza kutoamini, na pengine mwandishi wake hakutenganisha mawili hayo. Anayetafsiri hana njia ya kuukwepa uamuzi.

Kuhusu dhana, inafaa kusema neno moja kwa faragha ya wanataaluma. Katika sura ya 49 ya Kurani waumini wanatakiwa kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi: hapo dhana ni kumfikiria mtu vibaya bila ushahidi. Katika Kiswahili cha vyuo vikuu neno hilohilo limekuwa istilahi ya wazo la kitaaluma, na hakuna tasnifu inayokamilika bila sehemu ya ufafanuzi wa dhana. Neno la kushuku limegeuka kuwa neno la kujua. Hata hivyo katika usemi wa kawaida mtu bado huambiwa ana dhana mbaya, na mzee wa Pemba anayeombwa na mtafiti aeleze dhana yake kuhusu serikali anaweza kuwa na haki ya kunyamaza.

Tuhuma na kipande

Tuhuma ni neno la baraza na mahakama. Halibaki moyoni, lazima litamkwe, na likitamkwa linamhitaji mtu wa pili. Kutoka humo limepatikana mtuhumiwa, nomino ya kutendwa ambayo polisi na magazeti ya Tanzania huitumia kwa mtu anayeshukiwa kutenda kosa kabla hajafikishwa mahakamani na kuwa mshtakiwa. Magazeti ya Kenya kwa maana hiyohiyo hupendelea mshukiwa. Tofauti si ndogo kama inavyoonekana. Mshukiwa ni mtu ambaye watu wana shaka naye. Mtuhumiwa ni mtu ambaye tayari kuna aliyemtaja. Nchi mbili jirani zenye urithi mmoja wa sheria za Kiingereza zimechagua kulitaja jambo moja kutoka pande mbili tofauti, moja kutoka kifuani mwa anayeshuku, nyingine kutoka kinywani mwake.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba yote mawili yanamtaja raia. Dola imejipatia nomino ya mtu isiyemwamini. Raia hajapata nomino ya aina hiyo ya kuitaja dola asiyoiamini. Hana budi kutumia sentensi nzima.

Kutoaminiwa na dola hakukuishia kwenye msamiati. Nchini Kenya, Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya 1915, iliyotekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimu wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri aliandika humo lini mtu ameanza kazi na lini ameiacha; asiye na sahihi ya mwajiri alikuwa mtoro. Lugha rasmi ilikiita usajili. Neno walilolishika waliokivaa, kipande, halina hisia yoyote ndani yake, ni sehemu tu ya kitu kizima, na ukavu huo wenyewe unafaa kusomwa. Ikilinganishwa na waraka wa mfanyabiashara, tofauti ni kubwa. Waraka uliwafunga wawili na kila mmoja aliweza kuupeleka kwa kadhi. Kipande kilimfunga mmoja, na mwenye kukiandika hakuandikwa.

Waliokuwa chini ya utawala huo waliisemaje hali yao ya kutowaamini watawala? Sehemu ya jibu imo katika simulizi za mumiani na wazimamoto, zilizoenea Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko, kuhusu watu waliokamatwa usiku na kunyonywa damu kwa manufaa ya Wazungu. Luise White amezikusanya na kuzichambua katika kitabu kilichotolewa mwaka 2000. Mumiani lilikuwa kwanza jina la dawa nyeusi mfano wa lami iliyoletwa kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Baadaye likawa jina la wauaji wenyewe. Zipo sababu za kuzihesabu simulizi hizi katika historia ya kutoaminiana, kwa kuwa zinawataja watu wa kazi zilizo wazi kabisa: wazimamoto, askari, wafanyakazi wa afya. Lakini mtafiti ajihadhari. Kuzifanya ziwe mfano tu wa wananchi kutoiamini serikali ni kuzivua kila kitu kilicho chao: gari jekundu, shimo chini ya kituo, mshahara anaolipwa jirani kwa kazi asiyoitaja. White mwenyewe anazichukua kama ushahidi wa namna watu walivyouona mji na ajira. Aliyesimulia habari za mumiani hakusema kwamba haiamini serikali. Alisema kwamba serikali inaua watu, na hiyo ni kauli nyingine.

Imani inaingia katika siasa

Wakati tuhuma inashuka kutoka juu, imani ilikuwa ikipanda kwa njia nyingine. Wamisionari waliitumia kwa mafundisho ya msingi ya dini, na hapo palizuka tofauti ndogo ambayo bado inasikika kila Jumapili: Wakatoliki wanasema nasadiki, Waprotestanti wanasema naamini, na wote wanaiita Kanuni ya Imani. Kwa Waislamu imani ilikuwa tayari na nguzo zake. Hivyo neno lilipofika mikononi mwa wanasiasa lilikuwa na maana mbili zilizosimama pamoja, kumtegemea mtu na kushika itikadi.

TANU ilichagua ya pili. Sehemu ya kwanza ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 inaitwa Imani ya TANU, na muundo wake ni wa kanuni: orodha ya mambo ambayo chama kinayaamini. Imani ya aina hii haielekezwi kwa mtu. Haipungui kiongozi anapokosea, kwa kuwa haikuwa imani kwake. Anayeikosa ndiye mwenye kasoro, kama ilivyo kwa aliyekosa imani ya dini. Katika mfumo wa chama kimoja kauli kwamba mtu fulani hana imani ilimhukumu yeye, si yule asiyeaminiwa.

Mwaka 1992, pamoja na kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, Sheria Namba 20 iliingiza katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ibara ya 53A, inayoliruhusu Bunge kupitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Asili ya utaratibu huo ni Uingereza, ambako kura ya namna hiyo iliiangusha serikali ya James Callaghan tarehe 28 Machi 1979 kwa 311 dhidi ya 310. Neno la Kiingereza linalotumika huko linakaribiana zaidi na tumaini au uthabiti wa moyo. Kiswahili cha sheria kilichagua imani, na kwa uchaguzi huo kikaligeuza neno lililokuwa la itikadi likawa tena la kumtegemea mtu. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru sheria ya nchi ilikubali kwamba mtu anaweza kukosa imani na asiwe mkosaji.

Sarufi ya kauli yenyewe ina adabu yake. Haisemi Bunge limemkana Waziri Mkuu wala halimwamini, kwa kitenzi cha kutenda. Inasema Bunge halina kitu fulani. Katika lugha ambayo mkubwa hakosolewi usoni, kauli ya kutokuwa na imani inamwezesha mdogo kusimama mbele ya mkubwa na kutaja upungufu ulio kwake mwenyewe.

Masharti ya ibara hiyo yanaonyesha kipimo cha tahadhari iliyowekwa. Hoja inahitaji taarifa iliyotiwa sahihi na kuungwa mkono na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, ifikishwe kwa Spika siku zisizopungua 14 kabla ya kuwasilishwa. Haiwezi kutolewa ikiwa miezi 6 haijapita tangu Waziri Mkuu ateuliwe, wala ikiwa miezi 9 haijapita tangu hoja nyingine kama hiyo ikataliwe. Na ili ipite lazima iungwe mkono na wabunge walio wengi zaidi ya nusu ya wabunge wote. La kuzingatia zaidi ni nani asiyeguswa. Kwa Rais, ibara ya 46A iliyoingizwa na sheria hiyohiyo haitumii neno imani. Inazungumzia hoja ya kumshtaki, kamati maalumu ya uchunguzi na theluthi mbili za kura. Rais anaweza kushtakiwa kwa kosa, na kosa lazima lichunguzwe; hawezi kuambiwa tu kwamba haaminiwi. Waziri Mkuu anaweza kuambiwa hivyo bila kosa kuthibitishwa. Maneno mawili, mashtaka na imani, yanachora mpaka wa mamlaka kwa usahihi kuliko vifungu virefu vya madaraka.

Hakuna Waziri Mkuu aliyeondolewa kwa ibara ya 53A. Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, bila kura ya imani kupigwa. Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe aliongoza ukusanyaji wa sahihi za kumtaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda aondoke, kufuatia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Sahihi zilipatikana, nyingine kutoka chama tawala, lakini sharti la siku 14 lilisimama njiani. Mwezi uliofuata Rais alibadilisha baraza la mawaziri, na Pinda akabaki. Kwa hiyo kauli imetumika zaidi kama tishio kuliko kama tendo. Ilikofanya kazi kweli ni katika halmashauri, ambako madiwani wamewaondoa wenyeviti na mameya kwayo, na kutoka huko imeingia katika usemi wa vyama vya ushirika, vilabu vya mpira na hata kamati za misikiti. Historia ya matumizi hayo ya chini haijapata mwandishi, ingawa mihutasari ipo.

Zanzibar na kiambishi cha kutendana

Mahali ambapo neno limebeba uzito wa maisha na mauti ni Zanzibar, na neno lenyewe ni kutoaminiana. Limejengwa kwa vipande vitatu. Kiambishi -to- huhusishwa na kitenzi toa, kana kwamba kitu kilikuwapo na kimeondolewa. Shina ni amini. Kiambishi -an- ni cha kutendana: yule hamwamini huyu, na huyu hamwamini yule.

Hali iliyotajwa hivyo ina mizizi katika miaka inayoitwa visiwani Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68 kwa hesabu rasmi. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 2011, amefuatilia jinsi magazeti na maneno ya wasomi yalivyoandaa uwanja wa umwagaji damu huo. Lakini alama zilizokumbukwa zaidi na watu wa kawaida hazikuwa za magazetini. Watu waliacha kununua duka la mfuasi wa chama kingine. Waliacha kupanda gari lake. Waliacha kwenda kwenye maziko yake. Hayo yalirudi Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, ambapo Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. Katika jamii ambayo kumzika jirani ni faradhi inayomlazimu kila mtu mpaka apatikane wa kuitekeleza, kususia maziko ni kauli nzito kuliko kura yoyote. Kama ilivyokuwa kwa mkopo wa karne ya 19, kutoaminiwa kulikuwa kunyimwa: safari hii kunyimwa watu wa kubeba jeneza.

Lugha rasmi ilikwepa. Rais Aboud Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, kufuatia mvutano juu ya muundo wa Muungano, kilichoelezwa kwa umma ni kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Kauli hiyo imedumu katika kumbukumbu za Wazanzibari, wengine wakiitumia kwa kicheko. Hali ya hewa haina mtendaji. Hakuna aliyemtuhumu mwingine, hakuna aliyekosa imani. Mawingu yalikuja, yakapita na mtu.

Mazungumzo ya CCM na CUF yalizaa Muafaka wa kwanza mwaka 1999. Haukutekelezwa ipasavyo, uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 vikosi vya usalama viliwapiga risasi waandamanaji. Human Rights Watch ilihesabu angalau watu 35 waliouawa. Zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya, wengi wao wakitua Shimoni. Muafaka wa pili ulitiwa sahihi Oktoba 2001. Katika maelezo ya miaka hiyo kutoaminiana ndiko kulikotajwa kuwa chanzo cha mgogoro, na ndipo sarufi inapogeuka kuwa suala la haki. Kiambishi cha kutendana hugawa lawama sawasawa. Chama kilichokuwa na dola, polisi na Tume ya Uchaguzi kinakuwa upande mmoja wa uhusiano wa pande mbili zilizo sawa, na aliyefiwa Januari 2001 anakuwa upande wa pili. Aliyefiwa hakuwa katika hali ya kutoaminiana na askari. Yeye ndiye hakuwa na sababu ya kumwamini. Kutoaminiwa kwake na askari ni jambo la aina nyingine kabisa, kwa kuwa lilikuwa na bunduki.

Ni kweli, kwa upande wa pili, kwamba bila neno hilo mazungumzo yasingefanyika. Wapatanishi wanahitaji neno ambalo pande zote zinaweza kulitia sahihi, na kutoaminiana kuna sifa hiyo kwa sababu hakumtaji mtu. Mwanahistoria hana wajibu wa mpatanishi. Anapolichukua neno kutoka katika nyaraka za upatanisho na kulifanya istilahi yake ya uchambuzi, anachukua pamoja nalo suluhu iliyomo ndani yake. Tasnifu kadhaa kuhusu siasa za Zanzibar zimefanya hivyo bila kutanabahi.

Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Neno lililotawala kuanzia hapo halikuwa muafaka tena, lilikuwa maridhiano, ambalo nalo lina kiambishi kilekile cha kutendana. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, na mabadiliko ya 10 ya Katiba ya Zanzibar yakaweka nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama kilichoshika nafasi ya pili. Mpango huo hausemi popote kwamba pande mbili zimeanza kuaminiana. Umegawa viti. Kwa maana hiyo unaufanana waraka wa mfanyabiashara wa karne ya 19 kuliko hotuba zilizousindikiza: ulitaja kiasi, ukataja pande, ukaacha mioyo ya watu.

Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi kabla matokeo ya urais hayajakamilika kutangazwa. CUF ilisusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa bila chama cha pili hadi Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa kukishika, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Chama chake kilipendekeza jina jingine, na kiti kikajazwa.